Kidonda Kibichi

Mwaka wa kwanza nilibebesha vikonyo 19, yaani vipande vya kakati, mimea ya ukoo wa dungusi, nikiviunga juu ya mashina ya kakati nyengine, na hakikushika hata kimoja. Kila kilichoanguka nilikipigia mstari kwa chaki yangu ya kukatia nguo, kwenye ukuta wa uani, karibu na tangi la maji. Masika yalipokuja yakaifuta mistari yote, lakini hesabu sikuisahau.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Jang'ombe, mjini Unguja. Nashona magauni, mabuibui na sare za skuli. Kakati ziliingia nyumbani kwangu kwa mkono wa mtoto wa kaka yangu, aliyerudi kutoka Dar es Salaam akavuka bahari na chungu kidogo mapajani, boti nzima hakukiweka chini. "Shangazi," akaniambia, "hili ua lako, halina shida." Kilikuwa kichwa chekundu kama pilipili hoho iliyoiva, kimekaa juu ya mguu wa kijani wenye kona tatu. Nami nikaamini ni ua. Nikalimwagilia kila asubuhi pamoja na mirehani yangu, na ilipoingia Aprili mvua nayo ikaongeza yake. Mguu ukalainika kama ndizi iliyopitiliza, kichwa kikalala upande.

Dungusi kakati, yaani mpungate, si mgeni kwetu. Makunduchi, kwao mama yangu, kwenye ardhi ya mawe ambako jembe halizami, mipungate inaota nyuma ya nyumba na watoto wote wanajua kuiotesha. Unakata kipande, unakiweka kivulini siku saba mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi, halafu unakichomeka mchangani. Ukikichomeka kibichi kinaoza. Nimelijua hilo tangu sijaanza kufunga ushungi. Basi nikakikata kile kichwa chekundu, nikakikausha siku saba, nikakiweka kwenye mchanga mkavu. Wiki tano kilikaa vizuri. Wiki ya sita kikaanza kunywea, mwisho kikawa kama zabibu kavu.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa mimea miwili, mmoja juu ya mwengine. Kichwa ni Gymnocalycium mihanovichii, kakati ndogo ya Paraguay na Argentina. Ile nyekundu haina klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayoupikia mmea chakula kwa jua, kwa hiyo haina maisha peke yake, ukaushe usikaushe. Mjapani Eiji Watanabe aliiona miche yenye wekundu katika kitalu chake mwaka 1941, na kutokana na miche ile zikapatikana hizi nyekundu kabisa, ambazo zinaishi kwa kubebeshwa juu ya kakati nyengine ya kijani. Siku hizi Korea Kusini inazitoa kwa wingi na kuziuza nchi nyingi. Na ule mguu wa kona tatu ulikuwa mpitaya, wa lile tunda la ngozi ya waridi na nyama nyeupe yenye mbegu nyeusi ndogo kama za ufuta. Siku niliyolijua hilo nilitoka nje nikasimama kuutazama mpitaya wa jirani yangu, ambao miaka yote umepanda ukuta wake mpaka kwenye bati, na ambao ua lake linafunguka usiku mmoja tu, asubuhi limekwisha. Mguu niliokuwa nikiulilia ulikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu.

Nikamwomba vipande, akanipa vya kujaza kapu. Nikaviotesha kwenye makopo ya rangi kwa udongo, samadi na changarawe. Nikaanza kutafuta vikonyo, na hapo tena nikapendezwa na kakati zisizo za kawaida: zile ambazo ncha yake badala ya kuwa nukta moja imekuwa mstari, zikajikunja kama upanga wa jogoo, na zile zenye mabaka ya manjano na waridi. Mbegu za kakati hizo mara nyingi zinakurudishia mmea wa kawaida. Ukitaka ile ile uliyoipenda, inabidi ukate kipande chake mwenyewe, na kilicho dhaifu au kisicho na kijani cha kutosha ukipe shina la kukibeba.

Nami kila kikonyo nilichokata nilikikausha kwanza siku saba, nikalikausha na shina, ndipo nikaviweka pamoja na kufunga. Mpaka leo naliona lile tukio la kuvifungua. Unalegeza uzi, unagusa kikonyo kwa kidole, kinaondoka kama mfuniko wa sufuria. Chini yake kuna ngozi ngumu, ya hudhurungi, laini kama gamu iliyokauka. Na juu ya shina kuna ngozi kama hiyo. Ngozi mbili zimekaa pamoja wiki tatu na hazikujuana.

Ami yangu anakaa Ndijani, na tangu ujana wake anabebesha michungwa. Mwezi wa Disemba nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta kwenye kigoda chini ya mwembe, mbele yake viriba vya miche ya milimau. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamtazama. Alikuwa akipasua ganda la mlimau mkato mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, akichomoa jicho la mchungwa kwenye kijiti, akilitelezesha ndani ya ule mpasuko, akifunga kwa utepe wa nailoni. Vijiti vya macho vilikuwa vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi mapajani mwake, na alikuwa akikifunua kitambaa kiasi cha kuchomoa kimoja tu. Tangu kisu kiguse mpaka utepe uzunguke, hujamaliza kusoma Fatiha.

Nikamsimulia habari za kakati zangu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono.

"Unakikausha siku ngapi?"

"Siku saba, ami."

Hapo mikono ikasimama. "Kidonda kikishafanya kovu, mwanangu, kitashikana na nini?"

Nilirudi mjini kwenye daladala nikiwa na swali hilo. Unapochomeka kipande mchangani unataka kovu, kwa sababu kovu ndilo linalozuia uozo wa udongo usipande. Unapobebesha unataka kinyume chake, nyama mbili mbichi zikutane zikiwa bado zinatoka maji, ili zikue na kuingiliana kabla upande wowote haujajifunga. Mkato ni ule ule kwa wembe ule ule, na kinachofuata ni mambo mawili yasiyokutana. Mimi nilikuwa nimechukua kanuni ya kweli nikaipeleka mahali pasipo pake.

Tangu hapo nafanya hivi. Siku mbili kabla, nalimwagilia shina ili lijae maji. Asubuhi yenyewe napangusa wembe mpya kwa spiriti, na naupangusa tena kila baada ya mkato. Mpitaya naukata usawa, urefu wa shubiri moja kutoka kwenye udongo, penye nyama changa. Pale palipoanza kuwa na mti ndani sipagusi. Kisha nazichonga zile kona tatu zishuke kwa mteremko, na sababu ni hii: nyama ya kakati ikipoteza maji huzama katikati, lakini ganda halizami. Linabaki limesimama kama ukingo wa sahani na linakisukuma kikonyo kitoke. Baada ya kuchonga nakata kipande chengine chembamba, unene wa kadi ya harusi, lakini sikiondoi. Nakiacha pale pale juu kama kifuniko, kidonda kisipigwe na upepo wakati nashughulika na kikonyo. Hilo sikuelekezwa na mtu, nimelitoa kwenye kile kitambaa kibichi cha ami.

Kikonyo nacho nakikata usawa, na hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Kisogeze dirishani. Katikati ya ile nyama utaona pete, imepauka kidogo kuliko nyama iliyoizunguka, na matone ya maji yanachomoza kwake kabla ya pengine popote. Hiyo ndiyo njia ya maji na chakula. Ya mpitaya ni ndogo, kama kifungo cha shati. Ya kikonyo inaweza kuwa sawa nayo, au kubwa zaidi, au ndogo kama shimo la sindano. Zikiwa sawa, zilaze moja juu ya nyengine. Zikitofautiana, sogeza kikonyo upande mpaka pete mbili zikatane mahali. Macho yanatamani kukiweka katikati kwa sababu ndipo kinapopendeza, lakini pete ndogo ikikaa ndani ya pete kubwa bila kugusana, kikonyo kitaganda kwa ule ute, kitakaa mwezi mzima kimependeza hivyo hivyo, halafu kitaanguka. Mimi nilipoteza vinne kwa kupenda katikati.

Unaondoa kifuniko, unakiweka kikonyo, unakikandamiza na kukizungusha kidogo sana ili hewa itoke, ndipo unapokitia kwenye mahali pake. Na kufunga, hapo ufundi wangu ulinisaidia. Natumia lastiki nyembamba, ile ya kutia kwenye mikono ya magauni ya watoto. Inapita juu ya kikonyo na chini ya chungu, ya pili inaikata ya kwanza kama msalaba. Sivuti kwa nguvu. Navuta mpaka kikonyo kisisogee nikikigusa, na nyama yake isibonyee. Mtu aliyezoea kuwavalisha watoto wa watu nguo anakijua kipimo hicho: lastiki ishike mkono na isiache alama.

Halafu ni kivulini penye hewa, na maji yasifike kwenye kiungo. Siku ya saba natoa lastiki moja, siku ya kumi natoa ya pili. Kikonyo kilichoshika kinaonekana kabla ya kuota chochote, kwa sababu ngozi yake inakaza na kung'aa. Kisichoshika kinafifia kama nguo iliyoanikwa juani miezi.

Msimu wangu ni kaskazi, Januari na Februari, joto kali na mvua ni chache, mipitaya inarefuka mpaka unaiona. Wafugaji wa kakati wa nchi za baridi wanaulalamikia mpitaya kwa kuwa baridi inauua. Kwetu hauna tatizo hilo, hata kipupwe cha Julai kinaupunguza mwendo tu. Unguja inaua kakati kwa njia nyengine. Ni maji yaliyomo hewani. Mmea wa jangwani unaota mizizi ya kuvumilia ukame, kisha unakuja kukaa mahali ambapo chumvi ya mezani inalowa kwenye kikombe. Ndiyo maana mimi nabebesha hata zile kakati ambazo kwengine zingeishi kwa mizizi yao wenyewe. Mpitaya asili yake ni misitu ya joto ya Amerika, unapanda miti na mawe, masika yetu unayajua.

Wapo wanaosema kakati iliyobebeshwa inanenepa na kupoteza umbo lake la asili. Ni kweli inanenepa. Ukiipunguzia maji na kuiongezea jua inajirudi sehemu kubwa, na mimi afadhali niione nene kuliko nisiione.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Kijana wa mtaani kwetu aliniona nikifanya kazi hii, akaenda nyumbani akabebesha kakati juu ya mnyaa wa uani, akiamini kila kisicho na majani ni kakati. Mnyaa ni ukoo mwengine kabisa, hauwezi kushikana na kakati, na maziwa yake ni sumu ya macho. Tone moja lilimrukia. Tuliliosha jicho lile kwa maji mengi muda mrefu, tukampeleka hospitali, na alishinda siku mbili hafungui jicho. Alipona, alhamdulillahi. Kabla hujakata shina lolote, litazame mahali miiba inapotokea. Kakati ina kijidoa cha sufi, kama pamba iliyobandikwa, na miiba inatoka hapo. Mnyaa hauna. Huna uhakika, usikate.

Katika kakati zangu zote, iliyonifundisha zaidi ni Astrophytum asterias. Haina mwiba hata mmoja. Ni duara bapa lenye mbavu nane na vidoa vyeupe vilivyopangwa kwa safu, na mtu wa pwani akiiona anafikiria yale maganda ya duara ya viumbe vya bahari tunayookota ufukweni miiba yake ikishapukutika. Kwao ni kusini mwa Texas na kaskazini mashariki ya Meksiko, na watu wameing'oa sana porini. Imo katika Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, kule waliko wanyama na mimea iliyo hatarini zaidi. Yangu ilioteshwa kwa mbegu na mfugaji wa Arusha, nami nilimuuliza mara mbili kabla ya kulipa.

Niliiacha kwenye mizizi yake kwa sababu niliiogopa. Mwezi wa Mei, mvua ikiwa siku ya tatu haijakatika, niliibonyeza ubavuni karibu na udongo, kidole kikaingia. Ilikuwa usiku na umeme umekatika. Mtoto wa kaka yangu alikuwepo, akanishikia simu kwa mwanga. Nikakata chini: ndani rangi ya chai. Nikapangusa wembe, nikakata juu yake: nyama nyeupe, lakini ile pete ina vidoa vya rangi ya zafarani. Hapo mtu anataka kuamini kwamba inatosha. Haitoshi, uozo unasafiri ndani ya pete kama maji kwenye mrija, na doa moja ukiliacha umebebesha maiti. Nikakata tena, doa mbili. Nikakata tena, doa moja. Mkato wa tano pete ikawa safi, na nilichobaki nacho kilikuwa unene wa biskuti mbili.

"Shangazi, hii itaishi?" aliniuliza.

"Tulia na mwanga," nikamwambia.

Mimi mwenyewe nasema masika si wakati wa kubebesha, lakini usiku ule hapakuwa na wakati mwengine. Nilichukua mpitaya mchanga, nikachonga, nikatafuta pete kwa mwanga wa simu, nikaiweka ile biskuti pembeni ya katikati mpaka pete zikakatana. Lastiki mbili. Kwenye kingo za nje tu nikapaka unga wa mdalasini zikauke upesi. Usiuweke kwenye kidonda chenyewe, utazitenganisha nyama. Chungu nilikiweka ndani, juu ya meza ya cherehani, na umeme uliporudi nikawasha feni kwa mbali. Siku kumi sikushona mezani pale.

Januari iliyofuata ilitoa ua. La manjano, kooni jekundu, pana kuliko mmea wenyewe. Lilifunguka karibu na adhuhuri, jioni likajifunga, kesho yake likafunguka tena. Wateja waliokuja kuchukua nguo walikaa uani.

Mwaka wa pili nikaikata kichwa kwa makusudi. Kichwa nikakihamishia shina jengine, na kipande cha chini nikakiacha pale pale kwenye shina la kwanza. Kakati ikikatwa kichwa inaamsha vile vijidoa vya sufi vilivyobaki, na kila kimoja kinaweza kutoa kitoto. Vilitoka sita. Vilipofika ukubwa wa kifungo cha koti nikavikata na kuvibebesha, vitano vikashika. Viwili vimekwenda Pemba, Wete, kwa mwanamke anayefuga kama mimi, kimoja kiko skuli ya mtaa kwetu. Mmea unaong'olewa kule kwao kwa sababu watu wanautaka, sisi tunauzidisha uani kwa wembe wa kununua dukani. Kila anayepata kwangu hana haja ya kununua uliong'olewa.

Siku hizi nabebesha hata miche ya mbegu, ya wiki tatu, ukubwa wa choroko. Hiyo haitaki lastiki. Unaikata, unaiweka juu ya ncha changa ya shina, ute wake wenyewe unaishika, unafunika kwa glasi siku tatu isikauke. Mkono wenye kazi ya sindano unaweza. Mkono wenye haraka usijaribu.

Sasa kile kipande cha chini cha Astrophytum ya usiku wa mvua kimetimiza miaka minne juu ya mpitaya wake wa kwanza, na mguu umechoka. Chini umekuwa na magamba ya kahawia, umekonda, wakati kakati yenyewe imekuwa pana kama kisahani cha kikombe. Mpitaya hauwi mguu wa milele, na huu nimeshauona unayumba. Shina jipya limo koponi, nililimwagilia juzi. Ami amekuja mjini kwa ajili ya miadi yake ya macho, analala kwangu, na baada ya chakula cha usiku ameomba aletewe chungu akitazame. Amekishika muda mrefu, akapitisha kidole gumba pale kakati inapokutana na mguu, mahali ambapo mshono hauonekani tena.

"Kesho saa mbili," amesema, "kabla ya jua kupanda. Na wembe uwe mpya."

Wembe nimeshaununua.